Tamthilia za "ujumbe kwa jamii": mama yangu kajifunza kwa adui, steringi hakumsikiliza hata kidogo

#1 MtazamajiWaNkuhungu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtazamaji tu, si msanii wala msomi wa mambo ya habari. Mama yangu kaja kutoka kijijini, Chamwino huko, kutibiwa macho. Hii ni wiki ya tatu yuko kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma. Kila ikikaribia saa tatu usiku tunakaa sebuleni, mama, mke wangu, watoto na sinia la karanga, tunaangalia tamthilia moja ya Kibongo. Jina naliacha, wenyewe mtaijua. Imejaa ujumbe kama gunia la pumba.

Mnajua zilivyo. Mtu akikohoa mara moja tu, nishajua kaburi litachimbwa wapi. Binti akishuka kwenye bodaboda na sketi fupi, mimba inaingia kabla ya matangazo. Daktari akitokea haongei kama daktari, anaongea kama bango la ukutani zahanati.

Sasa kisa chenyewe. Kuna mwanamke humo, dada wa marehemu. Kaka yake kafa, hata matanga hayajaanuliwa, kesho yake saa mbili asubuhi yuko ofisi ya ardhi na bahasha ya kaki kwapani. Nyumba inageuka jina, mjane anatolewa nje na godoro. Mjane ndiye steringi. Analia vipindi vinne mfululizo, na kila akilia anatokea mtu kumweleza haki zake. Nia ya waliotengeneza iko wazi: tumwonee huruma mjane, tumchukie wifi.

Mama yangu je? Anamtazama wifi, anatafuna karanga, anasema: "Huyu ndiye mwenye akili. Huyo mwingine kakaa na mume miaka kumi na nane hajui karatasi ya nyumba iko wapi?"

Asubuhi yake kanyanyua simu, kampigia baba mdogo kijijini, anauliza lile shamba la mtama la marehemu baba limeandikwa jina la nani. Baba kafariki 2011. Hajawahi kuuliza hata siku moja.

Hoja yangu ni hiyo. Hizi tamthilia zinafundisha kweli, ila mwalimu ni adui. Steringi kazi yake kulia.

Halafu jana umeme ulikatika mtaani kwetu saa tatu na robo, pale pale shangazi yao alipoanza kukohoa. Aliyeona mwisho anijuze, mama ananisumbua.

#2 Kipande_cha_Ubuyu

Nimeweka kambi. Ngoja waje wajuzi.

#3 BwanaMlenda

Kakohoa? Huyo ameshaondoka. Kwenye tamthilia za nchi hii hakuna mafua ya kawaida.

#4 Mwl_Ihumwa

Mtoa mada, kabla hujawalaumu wenye kamera, kumbuka bibi yako alikuwa anakuhadithia nini. Paukwa, pakawa, na kabla hujaenda kulala unaulizwa "umejifunza nini?" Utenzi wa Mwana Kupona ni wa 1858, ni mama anamwusia bintiye mwanzo mpaka mwisho, na kuna watu wanaukariri mpaka leo. Ujumbe si mgeni aliyeletwa na wafadhili. Ukimpa mtu wetu hadithi haina funzo, anaona kapunjwa.

Ila kwa adui nakuunga mkono. Sungura tuliyempenda sote ni nani? Mwizi, mwongo, mla njama. Fisi alikuwa mjinga tu na mlafi, na ndiye aliyekula vipigo vyote. Mbona darasa zima lilikuwa upande wa sungura? Mama yako hajaanza yeye.

#5 FundiAntena

Mwalimu umenena, lakini zamani tamthilia zilibadilisha watu kweli. Mnakumbuka ile ya Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake? Ilivyoonyeshwa kwenye runinga nchi nzima ilitulia. Siku hizi wasanii hawajui kazi.

#6 MzeeBetriNne

Kijana FundiAntena, hukuiona runingani kwa sababu haikuwa ya runinga. Twende na Wakati ilikuwa mchezo wa redio, Redio Tanzania, ulianza Julai 1993. Bara tulikuwa hatuna hata kituo kimoja cha runinga, vilianza 1994. Ulikuwa na miaka mingapi?

Na hiyo "nchi nzima" nayo si kweli. Dodoma haikurushwa. Toka 1993 mpaka 1995 kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma kiliachwa nje makusudi, wakawa wanaweka vipindi vyao vingine. Hili nalijua kwa mwili wangu, maana nilikuwa dereva wa lori njia ya Dar.

Nilikuwa na redio ya betri nne nimeifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye dashibodi. Nikiwa Morogoro namsikia Mkwaju vizuri, na wanawake zake kila kituo. Napanda Gairo, sauti inaanza kukwaruza. Nikifika Kibaigwa kituo cha Dodoma kimeshaingia, hakuna Mkwaju, hakuna mkewe Tunu. Yaani ukitaka kujua kilichoendelea inabidi ushushe mzigo urudi.

Sasa basi, nyumbani kwangu ni Morogoro. Nikiingia mlangoni mke wangu ananipokea: "Mkwaju, karibu, umewaachaje wa Singida?" Watoto wa jirani wananiita Mkwaju. Makonda ndo usiseme. Upande wa Dodoma nilikuwa salama kabisa, hakuna aliyejua Mkwaju ni mdudu gani. Nilikuwa napenda sana kulala Dodoma miaka ile.

#7 BwanaMlenda

😂😂😂 Mzee umejishtaki mwenyewe mbele ya wajukuu.

#8 MtazamajiWaNkuhungu

Mzee shikamoo. Yaani sisi wa Dodoma tuliachwa makusudi? Kwa kosa gani?

#9 MzeeBetriNne

Marahaba. Kosa hakuna. Waulize wasomi, mimi nilikuwa naendesha gari.

#10 AyaTatu

Nimeisoma hii chuoni, ngoja nijaribu kwa ufupi.

Walitaka kupima kama mchezo unabadilisha watu au watu wanabadilika wenyewe tu. Kwa hiyo ukawa unasikika sehemu nyingine, Dodoma ikawa ya kulinganishia. Mtafiti mkubwa alikuwa Everett Rogers, Mmarekani, na wenzake, wakiwemo Watanzania. Walikuta uzazi wa mpango na kinga ya Ukimwi vilisogea zaidi kule mchezo uliposikika kuliko Dodoma. Halafu 1995 ukaanza kurushwa na Dodoma, na huku nako mambo yakaanza kusogea.

Mtindo wenyewe ulitoka Mexico, kwa mtu anaitwa Miguel Sabido, tamthilia za miaka ya 1970. Yeye anapanga wahusika mafungu matatu: mwema, mbaya, na wa katikati anayeyumba. Anayefundisha si mwema wala mbaya. Ni yule wa katikati, anayekosea, anaumia, anabadilika taratibu mbele ya macho yako. Kwenye Twende na Wakati Mkwaju alikuwa mbaya, akafa kwa Ukimwi. Wa kumfuata alikuwa Tunu, mkewe, aliyechoka naye akaanza kujitegemea.

Kwa hiyo mtoa mada, tamthilia yenu tatizo lake haina wa katikati. Ina malaika na shetani. Mama kaona malaika hana akili, kachagua shetani.

#11 BwanaMlenda

Kwa kuchelewa kupata vitu Dodoma tumezoea. Makao makuu tuliahidiwa 1973, serikali tukaiona 2016. Mkwaju miaka miwili tu mbona walituwahi.

#12 Kipande_cha_Ubuyu

AyaTatu, swali la mtu wa mtaani. Huo mlinganisho ulikuwa safi kweli? Mjomba wangu Mpwapwa alikuwa na redio ya masafa mafupi, anasema alikuwa anamsikia Mkwaju bila shida, na jioni kibaraza kinajaa. Na akina Mzee BetriNne walikuwa wanashuka na habari kila wiki. Hadithi haizuiwi na mnara.

#13 AyaTatu

Swali zuri. Ndiyo maana hata wenyewe watafiti hubishana kwenye mambo haya. Na miaka hiyo kampeni za Ukimwi zilikuwa nyingi, si huo mchezo peke yake.

#14 MwandishiNjaa

Nimepita nikaona nisinyamaze. Nimeandika skripti za namna hii miaka sita. Sitaji mtu, maana bado nadai.

Mnachokiona kwenye kioo kinaanzia kwenye jedwali. Safu ya kwanza namba ya kipindi. Safu ya pili ujumbe. Safu ya tatu nani atausema. Hadithi haina safu. Kipindi cha dakika 24 kinaweza kubeba jumbe tano, na kuna mtu kazi yake ni kuzihesabu kama zimetamkwa.

Nitawapa onyesho moja. Mama mjamzito anasonga ugali. Mumewe anaingia, katoka kufukuzwa kazi, mkewe hajui bado. Nikaandika: anakaa kwenye kigoda, hasemi kitu. Mke anamwangalia, anaacha mwiko kwenye sufuria, anamsogezea maji ya kunawa. Basi. Nilijivunia onyesho lile. Likarudi na maandishi mekundu pembeni: "Hapa mume amkumbushe mkewe kuhudhuria kliniki mara nne."

Kafukuzwa kazi, wakuu!

Tumefika lokesheni, mwigizaji ananivuta pembeni: "Kaka, hii nilie au nikumbushe?" Tukarudia mara saba. Ugali ukakauka, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria, mwongozaji akasema tuendelee hivyo hivyo, jua linaondoka.

Kwa hiyo AyaTatu, nakuheshimu, lakini wa katikati tunaye. Anauawa na safu ya tatu. Adui peke yake ndiye hapewi ujumbe wa kusema, hakuna mfadhili anayetaka ujumbe wake utoke kwenye kinywa kile. Ndiyo maana yeye anaongea kama binadamu. Mistari yote mizuri niliyowahi kuandika nilimpa mwizi, mganga au nyumba ndogo.

#15 MtazamajiWaNkuhungu

MwandishiNjaa nimecheka mpaka mama kauliza kuna nini. Nikamsomea. Kasema huyo mwanaume angekumbusha kliniki ningempiga na huo mwiko.

#16 SistaKongwa

MwandishiNjaa pole sana, ila naomba nikurekebishe: mara nne ilishapitwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8. Kama kipindi chako bado kinarudiwa mahali, wajawazito wanapewa hesabu ya zamani, na ugali wako umekauka bure.

Mimi ni muuguzi, na naona mnabishana kuhusu nani anasema ujumbe, mnasahau kama unatekelezeka. Kongwa hapa tuna historia ndefu na ugonjwa wa vikope, trakoma. Watafiti wamekuwa wakija toka miaka ya 1980. Ujumbe ni mwepesi: mtoto aoshwe uso, inzi wasikae machoni. Akina mama wanajibu maji hakuna. Na kweli hakuna, mtu anatoka alfajiri kufuata ndoo moja. Ukiwaonyesha filamu ya mama wa mjini anafungua bomba anamwosha mtoto, wanaangalia bomba. Hawamwangalii mtoto.

Nilipoanza kazi nilimkuta dada mmoja wa siku nyingi. Hakuwa anahubiri. Anakuja na kopo la lita moja, analiweka chini ya mbuyu, anauliza: "Haya maji yanaosha nyuso ngapi?" Mmoja anasema mbili. Mwingine, mwenye huruma, anasema nne. Halafu anawaita watoto wajipange, akina mama wenyewe wanachota kwa kiganja na kuosha, kundi zima linahesabu kwa sauti. Wakivuka kumi wanaanza kucheka. Siku moja tulivuka ishirini, na chini ya kopo bado kulikuwa na maji. Mama aliyesema mbili akalichukua kopo akalitazama ndani kama kuna mtu anajaza kwa siri.

Ile ndiyo filamu niliyoona ikibadilisha watu. Haikuwa na adui.

#17 FundiAntena

Sista hiyo si filamu, hiyo ni mazingaombwe. 😄 Ila nimekuelewa. Na Mzee nimekubali, 1993 nilikuwa darasa la pili, nilichanganya.

#18 Mnyalukolo

Naona Wagogo mnataka kutuharibia tamthilia. Bila Mgogo wa kuosha vyombo, hao matajiri wa Masaki watahudumiwa na nani?

#19 BwanaMlenda

Mtani umekuja. Hapo hapo umegusa kidonda changu.

Niliangalia moja, ujumbe wake ulikuwa "tusiwanyanyase wafanyakazi wa ndani". Safi kabisa. Mfanyakazi mwenyewe katoka wapi? Dodoma. Jina lake? La kuchekesha. Anaongeaje? Anavuta maneno kama mtu aliyeumwa na nyuki ulimini, wakati sisi hatuongei hivyo, aliyeigiza hajui hata kusalimia "mbukwenyi". Dakika ishirini tunamcheka, dakika mbili za mwisho tunaambiwa tumheshimu. Na akitoka nje ya geti anapita ombaomba, naye Mgogo! Ujumbe wa mdomoni unasema hivi, wa kwenye picha unasema vile. Mwanangu wa miaka saba alibeba ule wa kwenye picha, akaenda nao shuleni.

#20 Mnyalukolo

Hapo umenishika. Na sisi Wahehe wanatuweka walinzi na wanaojinyonga. Tugawane.

#21 dada_Veyula

Nilikuwa nasoma tu. Post ya Sista imenifanya niandike.

Nikiwa darasa la sita, kijijini kwetu wilaya ya Bahi, lilikuja gari la sinema. Shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, jenereta inaunguruma, watu wamebeba vigoda. Filamu ya ukeketaji. Ngariba alikuwa kikongwe mwenye macho mekundu, anacheka peke yake, kisu kina kutu, muziki wa kutisha. Tuliangalia mpaka mwisho, watu wakapiga makofi.

Nikarudi nyumbani. Bibi yangu aliyekuwa anafanya kazi ile alikuwa mtu mpole kuliko wote kwenye ukoo. Usiku ule ule alitupashia uji wa uwele kwa sababu tulichelewa sinema. Nilimwangalia anakoroga, nikasema moyoni: ile filamu inamhusu mtu mwingine, wa nchi nyingine.

Na kuna neno halikutajwa mle hata mara moja: lawalawa. Wa kanda ya kati mnalijua. Ni maambukizi ya sehemu za siri kwa watoto wa kike, yanatibika kwa usafi na dawa za hospitali, lakini watu waliamini ukikata ndiyo yanaisha. Kwa wengi kwetu ile haikuwa ngoma ya kumwandaa mwali, ilikuwa tiba. Sasa filamu inapiga kelele "acheni mila potofu", mama aliyebeba mtoto anajibu kimoyomoyo, mila ipi? Mimi namtibu mwanangu.

Sheria ya 1998 ikakataza kwa walio chini ya miaka 18. Wengine wakahamia kwa wachanga, maana kichanga hasemi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta Dodoma wanawake 47 kati ya 100 wamekeketwa, wakati nchi nzima walikuwa 10. Sisemi filamu ndiyo iliyosababisha. Nasema walikuja na adui wao tayari, hawakuuliza sisi tunaita nini.

#22 BwanaMlenda

Dada, nilikuja kutania, nimekaa chini. Asante.

#23 Mwl_Ihumwa

Dada Veyula, asante kwa kuandika. Swali tu, bibi aliacha?

#24 dada_Veyula

Aliacha. Si kwa filamu. Kuna muuguzi alimtibu mjukuu wake lawalawa kwa dawa ya kupaka mbele ya macho yake, wiki ikaisha. Bibi alikasirika sana. Siku nyingi alikuwa haongei na mtu.

#25 Kisima_cha_Zuzu

Mnaouliza kama inafanya kazi au haifanyi: wakati mwingine inafanya kazi kupita ilivyotumwa. 2011 kulikuwa na shindano la runinga la vijana wajasiriamali, Ruka Juu la shirika la Femina. Wachumi waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari Dar, waliohamasishwa kuangalia na ambao hawakuhamasishwa. Hamu ya biashara ilipanda kweli, na baadaye wengi wakaanzisha vibiashara. Ila upande wa shule juhudi ikashuka. Ujumbe ulikuwa "thubutu", wao wakasikia "ya nini kusoma".

Mdogo wangu hakuwa kwenye utafiti lakini ndiye huyo huyo. Aliacha kidato cha tano akafungua banda la chipsi Sabasaba. Sasa ana mabanda matatu, mimi mwenye shahada ndiye ninayemkopa. Sijui niwashukuru au niwashtaki.

#26 FundiAntena

Na matangazo ya Fataki je? 2008 redioni, yale ya mijibaba inayowinda wanafunzi. Jina liliingia mtaani mpaka leo. Huo si ushindi?

#27 BwanaMlenda

Jina liliingia, tabia sijui. Mimi namjua mzee mmoja kaandika FATAKI nyuma ya gari lake kwa rangi ya dhahabu.

#28 SistaKongwa

Hapana, tusidharau. Binti akipata neno la kumwita mtu, tayari kapata silaha. Kabla ya hapo alikuwa anaitwa "mjomba". Mwanafunzi anasema "yule fataki" na basi zima linageuka.

#29 MwandishiNjaa

Sista kasema. Na angalieni tena, neno lililobaki ni la adui. Nani anakumbuka jina la yule aliyekuwa anamwokoa binti?

#30 FundiAntena

Mimi nakumbuka kibanda umiza. Zile kanda za Lufufu na walioiga baada yake, mtu anatafsiri filamu ya nje kwa sauti yake. Majengo tulikuwa na mmoja wa kwetu hapo, kipaza sauti mkononi, Mchina anapigana kumlipizia mwalimu wake, yeye anatuambia "mwaona sasa, alitembea na mke wa mtu". Kila filamu, mke wa mtu. Baadaye tukajua mkewe alikuwa kamkimbia. Huo nao ulikuwa ujumbe kwa jamii, bila mfadhili.

#31 KaraniMstaafu

Poleni na majukumu. Tuache sinema kidogo, kuna jambo la maana limepitwa toka #1.

Kwanza, tamthilia imewadanganya. Wifi hawezi kubadilisha jina la nyumba kesho yake na bahasha ya kaki. Mirathi inafunguliwa mahakamani, anateuliwa msimamizi, ndipo mali inagawanywa. Anayeharakisha hivyo anaghushi, na mjane akiwahi kuweka pingamizi linasikilizwa. Vipindi vinne vya kulia vingetosha kufungua shauri.

Pili, shamba la mama yako ni la kijijini, hilo linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Hati yake ni ya hakimiliki ya kimila, na anaanzia halmashauri ya kijiji, si ofisi za mjini. Lakini swali la kwanza: mirathi ya baba yenu ilifunguliwa?

#32 MtazamajiWaNkuhungu

Mzee Karani, hapo umenitoa jasho. Haikufunguliwa. Baba mdogo ndiye amekuwa akililima toka 2011, tukasema ni ndugu, hakuna shida. Na mama alipompigia simu ile asubuhi, jibu alilopewa ni "shemeji, mambo gani hayo ya kuuliza kwenye simu".

#33 KaraniMstaafu

Msikae. Nendeni mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Na kikao hicho kisiwe cha kugombana, baba mdogo aitwe akae pale pale.

#34 AyaTatu

Kwa hiyo mama yako ndiye wa katikati. Nilisema!

#35 MwandishiNjaa

Acheni kumtia mama wa watu kwenye jedwali.

#36 MtazamajiWaNkuhungu

Nimemwambia mama yote ya Mzee Karani. Kanisikiliza, kisha kauliza: "Sasa yule wifi ataenda jela?" Nikamwambia pengine mwishoni. Akasikitika. Tunaondoka naye Jumamosi kwenda Chamwino, cheti cha kifo kiko kwenye sanduku la mabati, anasema anajua kona yake.

Ila shangazi bado. Nani aliona mwisho wa jana?

#37 Kipande_cha_Ubuyu

Mimi niliona. Alipaliwa na chai. Kakohoa, kapigwa mgongoni, kaendelea na mazungumzo. Yuko hai.

#38 BwanaMlenda

Wanatuzuga hao. Subirini Alhamisi.